Mashine Inataka Mnara

Anayenunua redio huulizwa pesa tu. Anayenunua mashine ya kufulia huhojiwa maisha yake yote: mko wangapi nyumbani, mnalalia shuka za namna gani, maji yanatoka lini, LUKU mnaweka ya shilingi ngapi kwa mwezi, na hiyo kazi ya kufua kwa sasa ni ya nani. Hilo la mwisho ndilo lenye miba. Nyumbani kwetu Kimara kila mtu aliamini kwamba anayefua ni yeye.

Mke wangu aliamini hivyo kwa sababu Jumamosi zake huishia kwenye beseni. Mama mkwe, aliyetoka Tanga kuja kutusalimia na hadi leo bado anatusalimia, aliamini hivyo kwa sababu nguo hazifiki kambani kabla hajazinusa na kurudisha nusu yake kwenye maji. Dada anayetusaidia kazi hakudai lolote, ila yeye ndiye aliyekuwa na vidole vilivyosinyaa. Mimi hufua soksi zangu. Nalitaja hili ili liingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Maana kikao kilikaa, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kila mjumbe alikuwa anachagua mashine ya nyumba anayoiota, wala si hii tunayoishi. Binti yangu wa kidato cha pili alitaka ile ya mlango wa mbele, wenye kioo, aone nguo zikibingirika. Mke wangu alitaka otomatiki ya kufungulia juu, kwa sababu ile ya mlango wa mbele ikishaanza kazi hujifunga, na katika nyumba yetu hakuna ufuaji usio na soksi iliyosahaulika mvunguni. Mama mkwe yeye hakutaja aina. Aliuliza kama mashine inaijua kola.

"Kola na kikwapa," alisema, "ndipo panapofuliwa. Kwingine kote ni kulowesha."

Baadaye nilizunguka maduka mengi na kusikia maelezo mengi. Hakuna muuzaji aliyeieleza kazi ya kufua vizuri zaidi ya hapo.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kilo. Mashine huuzwa kwa kilo, 6, 7, 8, 10, na zinahesabiwa kwa nguo kavu, kabla hazijaonja maji. Sasa nani kwao amewahi kupima nguo? Mke wangu alikadiria nguo zetu za wiki kuwa kilo 5. Mama mkwe alisema haziwezi kupungua gunia. Ili amani irudi tulizifunga zote ndani ya shuka, mimi na dada tukazibeba hadi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kule barabarani, mwenye mizani ya kuning'iniza yenye ndoano.

Yule bwana aliutazama mzigo, akaubonyeza kwa kidole, akasikitika kwamba haukulia. Akautundika. Mshale ukapita kilo 15, ukapita 17, ukatulia kwenye 19 na nusu. Watu waliokuwa wanasubiri na mabati yao wakasogea.

"Mnauza mitumba?" mmoja akauliza.

"Tunapima tu," nikamwambia.

"Kupima bure hakuna, mzee," akasema mwenye mizani, na hiyo ndiyo ikawa shilingi 500 ya kwanza kutumika katika mradi huu. Tulipofungua bunda kutafuta mchawi, tulikuta ni majinzi. Suruali moja ya jinzi, kavu kabisa, inapita nusu kilo kwa urahisi, na kijana wetu mkubwa anazo kama timu ya mpira. Doti nzima ya kanga haikusogeza mshale kiasi cha kugombania.

Tukaenda Kariakoo. Mtu ambaye hajaenda kununua kitu kikubwa Kariakoo hajui raha ya kuitwa "bosi" na watu ambao bado hujawafikia. Muuzaji wa kwanza aliipiga mashine ubavuni kwa kofi, kama muuza ng'ombe mnadani, akaniambia nisikilize chuma. Nikasikiliza. Akasema hii ina inveta, haina kelele, mizunguko 1,200 kwa dakika, unaweka nguo unalala, unaamka unavaa.

"Maji nyumbani yapo?" akauliza.

"Yanakuja."

"Yanakuja lini?"

Mke wangu akatazama pembeni. Kimara ni vilima, na maji ya bomba yana ratiba yake. Yakija usiku wa manane, majirani wote huamka kujaza ndoo, na ndio wakati pekee mtaa mzima unapoonana. Muuzaji alituelewa. Alishusha sauti, akauliza swali la pili la Kariakoo, kama tunataka bei ya risiti au bei nyingine. Tukataka ya risiti. Akatusikitikia.

Duka la vitu vilivyotumika lilikuwa na mashine nzuri kuliko zote, nyeupe, safi, kutoka Japani, bei nusu. Vitufe vyake vyote vimeandikwa Kijapani. Muuzaji alivieleza kwa kujiamini: hiki ni cha kuwasha, hiki cha kufua, hiki cha kusuuza, "na hivi vingine ni vya mambo yao." Nilipotazama kibandiko cha nyuma niliona volti 100. Umeme wetu ni volti 230. Bwana yule akasema hilo si tatizo, kuna transfoma, nayo anauza. Kwa hiyo ningenunua mashine nisiyoweza kuisoma pamoja na kisanduku kizito cha kuizuia isiungue. Binti yangu alikuwa tayari ameanza kusema atajifunza Kijapani. Tukaondoka.

Ushauri wa kweli uliniponyoka Kariakoo na kunikuta Mbezi, kwa shemeji yangu, aliyenunua ya mlango wa mbele mwaka mmoja kabla yetu. Mashine za namna hiyo husafirishwa pipa lake likiwa limekazwa kwa bolti nyuma, ili lisigongegonge njiani, na bolti hizo lazima zitolewe kabla ya kuiwasha. Kitabu kinalisema hilo ukurasa wa mwanzo kabisa, lakini kitabu kwa shemeji kilikuwa kimewekwa kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Ilipofika hatua ya kukamua, mashine ile ya zaidi ya kilo 60, yenye bonge la zege ndani yake la kuifanya itulie, iling'oka ikaanza kutembea. Ilitoka stoo, ikapita korido, na kama si waya wa umeme kuikatalia ingefika sebuleni kwa wageni. Mlinzi wa nyumba ya pili alipiga filimbi.

Bolti zilitolewa. Kisha ikaja habari ya povu. Sabuni yetu ya unga ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya mikono na beseni, nayo hutoa povu jingi kwa sababu sisi wanunuzi tunaamini povu ndilo usafi. Ya mlango wa mbele inataka sabuni yake, yenye povu dogo, na kidogo tu. Dada wa pale alitia ya kawaida, kikombe kizima, na cha pili kwa ajili ya baraka. Povu lilijaza pipa, likapanda, likatokea kwenye kile kidroo cha sabuni, likashuka ukutani likielekea jikoni. Shemeji alinisimulia yote haya kwa utulivu mkubwa, halafu akaniuliza kama ninataka kuinunua yake.

Hata hivyo aliyemaliza mjadala ni fundi bomba. Alikuja nyumbani, akalitazama tanki letu la lita 1,000 lililokaa juu ya kijukwaa cha matofali, akatazama paa, akaguna. Mafundi wetu huguna kwa bei, na mguno ule ulikuwa wa laki kadhaa. Akaeleza, na nilihakikisha baadaye kwamba alikuwa sahihi: valvu ya mashine ya otomatiki hufunguka kwa umeme, lakini maji yenyewe lazima yaje kwa presha. Vitabu vingi vinataka angalau baa 0.3, vingine 0.5. Ukiliinua tanki mita 10 juu ya bomba, unapata kama baa 1. Mita 5, nusu baa. Letu liliinuliwa kimo ambacho jogoo hurukia bila kujiandaa.

"Kwa hiyo, mzee, mashine yako inataka mnara."

Akauchora mnara kwa kijiti mchangani, miguu minne ya chuma, ngazi, jukwaa. Ulikuwa mnara mzuri. Ulikuwa pia ghali kuliko mashine. Njia nyingine, alisema, ni pampu ndogo ya kusukuma presha, na hapo ndipo mke wangu, aliyekuwa kimya tangu Kariakoo, alipoingia ulingoni.

Inabidi mjue kwamba mke wangu ni mlinzi wa uniti 75. Nyumba inayotumia umeme mdogo hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka, unaingia kwenye bei nyingine kabisa. Kwa ajili ya mpaka huo tumeishi na jokofu linalozimwa usiku na pasi inayopiga nguo zote za wiki kwa mkupuo mmoja. Sasa mota ya mashine peke yake haili sana. Anayekula ni hita, ya wati 2,000 hivi, inayoamka ukibonyeza maji ya moto. Binti yangu akaahidi kwamba sisi tutabonyeza baridi siku zote.

"Na bibi yako?" mke wangu akamwuliza.

Sote tukamgeukia mama mkwe, ambaye huchemsha taulo kwenye sufuria ya pilau na anaamini baridi ni kwa ajili ya kunywa. Hakukana.

Ndivyo tulivyorudi Kariakoo na kuulizia ile iliyokuwa nyuma kabisa ya duka, chini ya kitambaa, ambayo wauzaji huitaja kwa sauti ya kumfariji mtu: nusu otomatiki, ya matenki mawili. Tenki moja linafua, la pili, spina, linakamua. Haina inveta, haina kioo, haina hita. Ina saa mbili za kuzungusha kama za majiko ya zamani, na mpira wa kumwagia maji unaouinamisha kwa mkono. Maji unatia kwa ndoo. Presha haikuhusu. Umeme ukikatika katikati, unaingiza mkono unaendelea. Ninaisifu kwa moyo wote: ni mashine iliyotengenezwa na mtu aliyewahi kukosa maji.

Tena inafanya jambo ambalo ile ya mlango wa mbele haiwezi. Ile hutumia maji machache, yapata lita 50 kwa mkupuo, lakini ikimaliza huyamwaga yote na kuanza upya. Dada wetu, ambaye sasa ndiye mhandisi na hataki mtu mwingine aiguse mashine, huanza na mashati meupe ya shule, maji yaleyale ya sabuni yakapokea kanga na madera, kisha majinzi, kisha yakatolewa kwa ndoo kwenda kudeki uani na kumalizia chooni. Lita moja kwetu inapata ajira tano kabla ya kustaafu.

Mama mkwe ameikubali kwa masharti. Kola na vikwapa husuguliwa kwanza kwa sabuni ya mche, mbele yake. Kanga mpya huloweshwa peke yake kwenye maji ya chumvi na haikutanishwi na kanzu ya mtu. Baada ya hapo mashine inaruhusiwa kulowesha.

Kilichomteka kabisa ni spina. Aliinamia mfuniko wake wa plastiki angavu, akatazama shuka likiingia linatiririka na kutoka karibu kavu kwa dakika tatu, na macho yake yakawa ya mtu wa Tanga aliyefikiria jambo. Jumapili moja tulirudi kutoka msibani tukaikuta sufuria imekinga mdomo wa ule mpira wa maji machafu. Ndani ya spina, kwenye kitambaa safi kilichofungwa fundo, kulikuwa na nazi nne zilizokunwa, zinazunguka kwa ngurumo. Alikuwa ameiosha kwanza, alijitetea, kwa maji ya moto na ndimu, na mpira kaupitisha maji ndoo mbili. Tui lilikuwa zito, hilo lazima niseme. Kama wali wa siku ile uliliwa au haukuliwa, ni siri ya familia.

Jumatatu binti yangu alirudi kutoka shuleni akilalamika kwamba shati lake linanukia futari na wenzake wamemfuata mapumziko yote. Akaandika karatasi kwa herufi kubwa, akaibandika juu ya mfuniko wa spina: NGUO TU. Chini yake, kwa kalamu ya bluu na mwandiko ulionyooka wa shule za zamani, pameongezwa: Na mchicha?