Mahakama ya Barazani
Ajabu yetu wakazi wa Arusha, tulioumbiwa Mlima Meru badala ya bahari, ni kwamba ilimu ya mauaji ya hoteli za ufukweni tumeihitimu kwa Agatha Christie, ambaye katika riwaya yake ya mwaka 1941 mpelelezi Poirot, aliyekwenda kupumzika tu, humfichua muuaji kabla ya likizo kwisha. Na kwa ilimu hiyo, alipouawa Erasto Msuya, tajiri wa tanzanaiti, wilayani Hai mwezi Agosti 2013, barazani kwetu hukumu ilitoka kabla kahawa haijapoa. Mahakama Kuu ya Moshi, maskini, ikang’ang’ania ushahidi hadi Julai 2018, ikawahukumu watano kunyongwa, na mmoja, ambaye baraza lilikwisha kumzika, ikamwachia huru.