Ukiletewa Mjusi, Shukuru: Mwongozo kwa Anayeishi na Paka Mkolani

Hatua ya kwanza: usipige kelele. Umerudi kutoka mjini, umevua viatu mlangoni, unaingiza mguu kwenye kandambili na mguu unagusa kitu laini chenye mkia. Kichwa chekundu, kiwiliwili cha buluu. Hatua mbili kutoka hapo ameketi paka wako, mkia kauzungushia miguu, anakutazama usoni kusubiri utasema nini.

Mjusi huyo ni mwenyeji wetu. Tangu mwaka 1923 wanasayansi wanamwita Agama mwanzae, jina alilopewa kwa sababu ya Mwanza hii hii, na dume lake likishaota jua juu ya jiwe linakuwa na rangi za kumsimamisha mpita njia. Sisi wa Mkolani tuliojenga katikati ya mawe tumezoea kumwona ukutani. Kwenye kandambili ni habari nyingine, na namna ya kuipokea ndiyo inayoonyesha kama unamwelewa mnyama unayeishi naye.

Mpokee paka kama unavyompokea mgeni aliyekuja na kuku. Mshukuru kwa sauti ya chini. Usimfukuze na ufagio, usimpige na hiyo kandambili. Subiri aridhike na kwenda zake, ndipo uchukue kizoleo umwondoe mjusi. Paka jike mwenye watoto huwaletea kwanza mawindo yaliyokwisha kufa, baadaye yaliyo nusu hai, mwisho mazima, mpaka wajue kazi wenyewe. Hata asiye na watoto hulichukua windo lake na kulipeleka mahali anapopaamini. Fikiria basi: paka wako amezunguka miamba, vichaka, mtaro na mapaa ya majirani wote, akaamua kwamba mahali salama kuliko pote ni chumbani kwako. Ukimpiga kwa hilo hatajifunza kuacha kuwinda. Atajifunza kukuogopa wewe.

Kama mijusi na ndege wamezidi, dawa ipo, na iko kwenye sahani yake. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walitoa matokeo ya kufuatilia paka wa majumbani: waliopewa chakula chenye nyama nyingi walipunguza mawindo wanayoleta nyumbani kwa asilimia 36, na waliochezeshwa kati ya dakika 5 na 10 kila siku walipunguza kwa asilimia 25. Kumchezesha hakuhitaji duka. Funga kipande cha kitenge kwenye kamba, kiburute sakafuni, kifiche nyuma ya mguu wa kiti, na mwishoni mwache akikamate.

Hapo kwenye chakula nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo tunapowakosea zaidi. Nyumba nyingi paka hupewa ugali uliobaki na matone ya mchuzi, na mwenye nyumba anaamini kwamba njaa humfanya awinde vizuri. Si kweli. Paka huwinda hata akiwa ameshiba. Kinachomwamsha ni kitu kinachotembea, tumbo halihusiki sana. Ugali unamjaza tumbo tu. Mwili wa paka umeumbwa kwa nyama na samaki. Kuna kirutubisho kiitwacho taurini ambacho mwili wake hauwezi kujitengenezea vya kutosha, na akikikosa kwa muda mrefu macho huharibika na moyo hulegea. Hata sukari haonji: mwaka 2005 iligunduliwa kwamba jeni ya kuonja utamu imekufa kwa paka, kuanzia huyu wako hadi duma. Kwa hiyo anapokunyemelea wakati wa chai, usidhani ana hamu ya sukari. Anafuata maziwa, na maziwa nayo huwaharisha paka wengi wakubwa.

Sisi wa Mwanza hatuna kisingizio. Ziwa liko hapo. Dagaa tunauziwa kwa kisado, vichwa vya sato tunatupa, mapanki ya sangara yanajulikana kila mtaa. Wachemshe dagaa wake bila chumvi, uwatoe kabla hujaanza kukaanga vitunguu, kwa sababu kitunguu na kitunguu saumu huharibu damu ya paka. Kuchemsha kuna maana: samaki wabichi wa maji baridi, wakiwa ndio chakula chake cha kila siku, wengi wao wana vimeng'enya vinavyoharibu vitamini B1. Mpe na yale maji ya kuchemshia, maana sehemu ya taurini imebaki humo. Mifupa mikubwa ya sangara mtolee.

Sasa twende kwenye suala la kumwita. Jioni moja nilimsikia kijana wa bodaboda akimuuliza mama mmoja anayeuza dagaa karibu na kituo, ambaye paka wake alikuwa amelala chini ya meza ya biashara na anaitwa kwa mara ya tatu bila kutikisika.

"Shikamoo mama. Huyu paka wako kiziwi?"

"Marahaba mwanangu. Anasikia, ila hajaamua."

Yule mama hakuhitaji maabara, lakini maabara zimemuunga mkono. Mwaka 2013 watafiti wa Japani waliwapigia paka 20 sauti zilizorekodiwa za watu mbalimbali wakiwaita. Ilipofika sauti ya mwenye paka, walizungusha masikio na vichwa. Walitofautisha sauti ya mtu wao na ya mgeni. Kuinuka na kwenda, hapana. Mwaka 2019 timu hiyo ilionyesha pia kwamba paka hulitambua jina lake kati ya maneno mengine yanayofanana nalo. Kwa hiyo ukimwita, acha kutazama miguu. Tazama sikio. Sikio likigeuka, umejibiwa. Na siku akiamua kuja, tazama mkia: ukisimama wima, ncha imejikunja kidogo, hiyo ni salamu ya rafiki kwa rafiki. Akifika atakusugua shavu kwenye muundi. Shavuni, kwenye paji la uso na chini ya mkia ana tezi za harufu, na anachofanya ni kukupaka harufu ya nyumbani. Ukitoka umbali wa Buhongwa au Igoma umejaa harufu za daladala, lazima akusajili upya. Simama dakika moja umalize kusajiliwa. Maji ya kuoga yatasubiri.

Saa kumi na moja alfajiri ni mada inayovunja ndoa. Paka anapanda kifuani, anakoroma, na ndani ya mkoromo kuna kitu kinachochoma sikio hata usingizi mzito haukistahimili. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walirekodi mkoromo huo wa kuomba chakula na kukuta kwamba umefichwa ndani yake mlio mwembamba wa juu, unaokaribiana na kilio cha mtoto mchanga. Watu waliosikilizishwa, hata wasiofuga paka, waliuona ni wa haraka na usiopendeza kuliko mkoromo wa kawaida. Paka wakubwa, wao kwa wao, hawaliiliani sana. "Nyau" ile ni lugha waliyoikuza kwa ajili yetu.

Na saa yenyewe ameirithi. Paka wa nyumbani ni uzao wa paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, Felis lybica. Uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2007 uliwafuatilia hadi Mashariki ya Kati, ambako wakulima wa kwanza waliweka nafaka, nafaka zikaita panya, na panya wakamwita paka. Kule Saiprasi limefukuliwa kaburi la miaka kama 9,500 ambamo mtu na paka walizikwa karibu karibu. Hao paka pori wangali wapo jirani zetu: ukienda Musoma kwa basi unapita lango la Ndabaka, na nyuma ya lango hilo ni Serengeti, wanakoishi wakiwinda giza linapoingia na linapotoka. Wako naye anafanya hivyo hivyo, ila eneo lake la mawindo lina kitanda katikati.

Utaratibu wa kufuata: mchezeshe usiku kabla hujalala, kisha mpe mlo wake mkubwa, naye atajilamba na kulala. Alfajiri akianza, usiamke kumlisha. Ukiamka mara moja tu, umemfundisha kwamba njia inafanya kazi, na kesho atakuja mapema zaidi. Kama ni lazima umpe asubuhi, oga kwanza, vaa, washa jiko, ndipo umpe, ili chakula kisiambatane na kilio chake.

Akikukanda tumbo kwa mikono yote miwili huku macho yamefumba, usimsukume. Hivyo ndivyo kitoto cha paka hukanda ziwa la mama ili maziwa yashuke, na paka mkubwa hukirudia kitendo hicho anapokuwa na amani kabisa. Kucha zikiuma, kunja kitenge mara nne uweke katikati yenu.

Wahenga walisema paka hakubali kulala chali. Ni kweli, kwa adui. Kwa mtu anayemwamini, mchana wa joto, kwenye sakafu ya saruji, atalala chali mikono juu na tumbo lote wazi. Hapo wengi hujeruhiwa. Tumbo ametuonyesha, hajatualika. Ukipeleka mkono, atakushika kwa kucha za miguu yote minne na meno. Mkune kidevuni na nyuma ya masikio, na utazame dalili kabla hajauma: mkia unaanza kupiga sakafu, ngozi ya mgongo inasisimka, masikio yanalala nyuma. Dalili moja inatosha, ondoa mkono. Na kama meno yameingia, hapo mzaha umekwisha. Kichaa cha mbwa huwapata paka pia na huambukiza kwa meno. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nimeacha macho hadi hapa kwa makusudi. Usiku umeme umekatika, unawasha tochi ya simu, na juu ya jiwe nyuma ya nyumba macho mawili yanawaka kijani, hayapepesi. Mtu anaokota jiwe. Nimeona paka akipigwa mawe katika mtaa huu kwa kosa hilo tu, na kama ni mweusi basi hata watoto wadogo wanahamasishwa. Macho yale yanawaka kwa sababu nyuma yake kuna utando unaorudisha mwanga ndani ya jicho ili aone katika giza. Mbuzi na ng'ombe wako nao wanao, na hakuna anayewaita wachawi. Kanda hii yetu inajua gharama ya kuhukumu kiumbe kwa macho yake. Bibi zetu wameuawa kwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Jirani zangu Waislamu wanaijua hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Na sahaba Abu Huraira alipewa jina hilo kwa sababu ya kitoto chake cha paka. Mwenye jiwe mkononi na akumbuke hayo.

Akikukodolea macho ndani ya nyumba, fanya hivi. Kaa chini, usimwinamie. Mtazame kwa macho yaliyolegea, yafumbe taratibu, yafumbue taratibu, kisha geuza uso pembeni. Utafiti wa mwaka 2020, wa watu wa Sussex tena, ulionyesha kwamba paka hurudisha ufumbaji huo wa taratibu, na humsogelea zaidi mgeni aliyewafanyia hivyo kuliko aliyekaa na uso mkavu. Jaribu leo. Watoto wa nyumbani kwangu wanafanya hivyo kwa paka wa mtaa mzima, na sasa wapo waliokuwa wakikimbia wanaokuja hadi kwenye baraza letu kukaa.

Na akikodolea ukuta au silingibodi ambako wewe huoni kitu, usiite mchungaji. Sikio la binadamu kijana linaishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. La paka hupita 60,000, na huko juu ndiko panya wanakozungumza. Una panya kwenye dari. Ziba tundu.

Kuna tabia moja tu ambayo haina upande wa kuchekesha: kujificha. Paka anayeumwa halii. Anaingia chini ya kitanda au kwenye pango la mawe, anaacha kula, anaacha kujilamba manyoya. Usimpe Panadol, hata nusu kidonge. Ini lake haliwezi kuivunja, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Usimpake dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Akimaliza siku mbili bila kula, ini lake mwenyewe huanza kuharibika, kwa hiyo usingoje ya tatu. Mweke kwenye kikapu chenye mfuniko, ndani utandike kanga uliyoivaa jana ili asikie harufu yako njiani, upande bajaji kwa daktari wa mifugo. Ukiwa huko, ulizia chanjo ya kichaa cha mbwa na tarehe ya kumhasi.