Nimelipa Kulala Kwenye Mkeka

Gari langu hunisemesha Kijapani kila asubuhi. Nikiwasha tu, mwanamke aliyejificha ndani ya dashibodi anatamka sentensi moja, taratibu, kwa adabu, kisha ananyamaza mpaka safari nyingine. Huu mwaka wa tisa. Kama na lako lilishushwa bandarini kutoka Japani, huenda unamjua. Maana ya maneno yake siijui, ila nimeyahifadhi kwa moyo kama mtoto wa chuo. Mama watoto anashikilia kwamba ni dua ya safari, na kila asubuhi huitikia, "Amin." Mimi nilidhani nakumbushwa kubadilisha oili.

Sasa huyu mdogo wake mama watoto yuko Yokohama, anahangaika na hayohayo magari. Akatualika. Tulipofika akasema, "Shemeji, nakupeleka onsen."

"Onsen ndiyo nini?"

"Chemchemi ya maji moto. Mtalala ryokan, nyumba ya wageni ya kizamani."

Nikamwambia mimi mtu wa Tanga. Chemchemi ya maji moto ninayo Amboni, pale Galanos, inanuka yai viza kama yoyote ile duniani, na nauli yake haihitaji pasipoti. Akacheka. Alikuwa ameshaweka nafasi. Kulipa, akasema, nitalipa mwenyewe hukohuko.

Tukaenda Kusatsu, mkoa wa Gunma. Treni kutoka stesheni ya Ueno mwendo wa saa mbili na nusu hivi, kisha basi la kupanda mlima, mpaka kwenye meta 1,200 juu ya bahari, theluji kila mahali. Katikati ya mji pana kitu wanakiita Yubatake, yaani shamba la maji moto. Na kweli ni shamba: mifereji ya mbao imepangwa kama matuta, maji yanapita yakifuka moshi ili yapoe. Chemchemi za mji huo hutoa zaidi ya lita 30,000 kwa dakika. Nilipofikiria ndoo zangu mbili za asubuhi, nikaona haya.

Jirani ya shamba hilo kuna jumba ambamo wanawake husimama kuzunguka birika, kila mmoja na ubao mrefu kumzidi kimo, wakiyakoroga maji huku wakiimba. Yametoka ardhini yakiwa moto kupita kiasi, nao hawataki kuongeza ya baridi kwa sababu yatapungua nguvu. Kwetu maji yakichemka mno unaongeza kata mbili za mtungini, yamekwisha hayo. Hapa wameunda kwaya.

Shemeji akanipa na sheria. Kwa sheria yao ya mwaka 1948, maji yakitoka ardhini yakiwa na nyuzi joto 25 tu, yanatosha kuitwa onsen. Nyuzi 25! Kwa kipimo hicho bomba langu la Tanga mchana wa Februari ni hoteli ya kitalii.

Ryokan yenyewe tukaikuta saa tisa alasiri, kwa maana kabla ya hapo hawakupokei. Bei ni ya kichwa, wala si ya chumba, kwa hiyo kuoa hakukupunguzii gharama. Chini ya risiti yetu palikuwa na yeni 150 kwa kila mtu: kodi ya kuoga. Nyumbani tulipiga kelele kwa tozo za miamala ya simu. Tushukuru hakuna mtu aliyefikiria kopo la kuogea.

Mlangoni, vua viatu. Vaa ndara. Mlango wa chumba, vua ndara, maana chumbani kumetandikwa tatami, mikeka minene ya nyasi, haikanyagwi kwa viatu wala ndara. Ukienda chooni kuna ndara nyingine za chooni peke yake. Ukitaka kutembea mjini unapewa geta, na geta nilipoziona nikakaa kitako: ni mitalawanda! Mitalawanda ileile ya bibi yangu, ya kuendea uani, ko-ko-ko, usiku mtaa mzima unajua bibi kaenda chooni. Nimevuka bahari kuikuta huku, na imepanda cheo.

Akaingia mhudumu. Mama wa makamo, rika la shangazi yangu, amevaa kimono. Akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso karibu liguse mkeka. Nimelelewa kumwamkia mtu mzima, siyo kuamkiwa naye, kwa hiyo na mimi nikapiga magoti nikainama. Yeye akaona nimeinama, akainama zaidi. Na mimi zaidi. Mama watoto akamaliza kikombe chake cha chai sisi tukiwa bado huko chini.

Chumbani hakuna kiti. Kuna meza ya kimo cha goti na vitu viwili vyenye mgongo bila miguu. Shemeji akaniambia kule Yamanashi kuna nyumba kama hii iliyoanzishwa mwaka 705, na rekodi za dunia zinaitambua kuwa hoteli kongwe kuliko zote. Miaka zaidi ya 1,300, na bado hawajanunua viti.

Nikapewa yukata, joho la pamba la kuvaa humo ndani. Nikajifunga nilivyoona, upande wa kulia juu. Mhudumu aliporudi akashika mdomo, akanijia mbio, akanifungua na kunifunga upya, wa kushoto juu. Kumbe wa kulia juu ni namna anavyovishwa maiti. Mama watoto akasema, "Baba watoto, saa moja tu tumefika, ushajivisha sanda." Nikamwambia ni bei ndiyo imenivisha.

Chakula saa kumi na mbili kamili, utake usitake. Nilihesabu vibakuli 14 mbele yangu, kila kimoja na tonge moja: samaki mbichi, samaki wa kuchoma anayeonekana bado anaogelea, tofu, uyoga, yai la mvuke laini kama ute. Vizuri kwa macho. Nikala polepole, nikibakiza mboga, nikingoja wali. Mpwani bila wali hajala, ameonja. Vibakuli vikaondolewa kimoja kimoja. Wali ukaja mwisho kabisa, mweupe, peke yake, na supu na achari, mboga zote zimeshakwenda! Hilo ni jambo la kuitishia kikao cha ukoo.

Tulipotoka kula, meza imeondolewa na godoro limetandikwa chini. Nikaliangalia. Utotoni nililala chini kwa bibi, nikavua viatu mlangoni kwa bibi, nikala kwa saa ya bibi. Nimefanya kazi miaka thelathini ili nitoke mkekani nipande kitandani. Bibi huduma hii yote alikuwa akitoa bure, na kofi juu yake. Sitasema nililala vizuri. Nitasema tu kwamba mgongo wangu, ambao huwa unaamka kabla yangu, asubuhi ile ulichelewa.

Limebaki lenyewe la kuoga. Unaoga uchi, pamoja na wenzako. Kwanza unaketi kwenye kigoda kifupi kama cha mbuzi ya kukunia nazi, unajisugua mpaka utakate, ndipo uingie birikani, kwa maana birika si la kuogea, ni la kukaa. Taulo unalopewa ni leso ya kufutia jasho, na halitakiwi kugusa maji; ukutani wamechora kabisa. Uchi wa mwanamume kwetu ni kati ya kitovu na magoti. Taulo lile lilifunika goti. Moja. Bafu la kukodi la familia lipo, ila siku hiyo lilikuwa limejaa.

Nikapanga: saa kumi na moja alfajiri, watu wamelala. Nikachungulia, hakuna mtu. Nikajisugua, nikaingia. Maji yaliuma kama upupu, kisha yakatulia. Juu kulikuwa na nyota, ukingoni theluji. Dakika tatu nikasahau bei.

Mlango ukafunguka. Akaingia mzee wa Kijapani, taulo limekunjwa juu ya kichwa kama kilemba, akajitumbukiza mbele yangu, akafumba macho. Sasa ona mtihani wangu. Nikitoka, anauona utupu wangu wote. Nikikaa, naiva. Nikakaa. Dakika ya nane jasho linatiririka, moyo unadunda, najihisi muhogo unaokaribia kupasuka. Mzee akafumbua macho, akaniambia jambo refu, kwa upole, akangoja jibu.

Kijapani ninachokijua ni kimoja. Nikakitoa chote, kwa sauti na adabu ya yule mwanamke wa dashibodi: "Kaado ga sonyu sarete imasen."

Mzee alinitazama. Akatazama mikono yangu mitupu. Kisha akaangua kicheko mpaka kilemba kikadondoka majini, kosa lilelile lililochorwa ukutani. Alipogeuka kukiopoa nilikuwa nimeshafika kwenye pazia la mlango.

Saa mbili, kwenye chai, nikamsimulia shemeji. Naye akacheka mpaka akaweka vijiti chini. Kumbe magari ya kwao yana kifaa cha kulipia barabara za mwendokasi kwa kadi. Yule mwanamke, miaka yote tisa, alikuwa akisema: kadi haijachomekwa.

Nikamgeukia mama watoto, mwenye Amin zake zaidi ya elfu tatu. Akamimina chai, akasema Mungu huangalia nia.

Tumerudi Tanga. Mlangoni mwa choo chetu sasa kuna ndara za chooni peke yake, amri ya mama watoto, na nikizisahau miguuni naitwa kwa jina langu kamili. Gari halijabadilika. Nikiwasha, linanikumbusha kadi.

"Kadi sina," nalijibu, "lakini nimeoga."

Na kutoka kiti cha pembeni nasikia: "Amin."