Barua kutoka Minneapolis: Fundi Asikate Mbao

Baba mdogo, nisalimie wote hapo Bunda, shangazi wa Butiama, na wale vijana wa Musoma wasiopokea simu mpaka wasikie nimetuma kitu.

Nasikia habari zimeshawafikia kwamba serikali huku imenirudishia pesa za kodi, na tayari mmekaa kikao: bati za Butiama, pikipiki ya Bunda, na kijana mmoja anataka mtumbwi wa injini pale Mwigobero. Naomba mnisikilize kwanza.

Mwaka jana katikati nilihama Columbus, jimbo la Ohio, nikaja hapa Minnesota. Kwetu mwalimu akihamishwa kutoka Bunda kwenda Musoma, anadai pesa ya uhamisho. Huku ukihama, unadaiwa wewe. Nimejaza fomu za serikali nne: ya taifa, ya Ohio, ya Minnesota, na ya jiji la Columbus lenyewe, maana nalo lina kodi yake ya mapato, asilimia 2.5. Ndiyo, jiji! TRA yetu ni moja. PAYE ikishakatwa kwenye mshahara, hakuna anayeuliza ulilala wapi. Hebu fikirini Butiama wamsimamishe mtu Makutano aeleze mshahara wa miezi aliyoishi kwao, kisha Musoma wamvizie Bweri kwa miezi iliyobaki. Hayo ndiyo maisha yangu. Kwenye makaratasi naitwa mkazi wa sehemu ya mwaka, cheo kisicho na posho.

Sasa hizo pesa. Kampuni ilinihamishia tawi la huku, lakini mhasibu wao akaendelea kukata kodi ya Ohio na ya Columbus mpaka Desemba. Minnesota hawakuambulia hata senti, na ilipofika Aprili 15, siku ya mwisho, walitaka chao chote. Hawa si watu wa mchezo: kwa matajiri wanafika asilimia 9.85. Mimi sijafika huko, msianze. Ohio na Columbus wakatakiwa kurudisha walichokula bila haki, na Columbus wakataka kwanza barua ya mwajiri kuthibitisha kwamba kweli niliondoka. Minnesota hawangoji barua. Nikakopa kwa Mkisii mmoja, jirani yangu. Pesa za Ohio zilipoingia zilimkuta ameshaketi sebuleni kwangu, anakunywa chai yangu.

Mtauliza kwa nini sikuhamia Texas au Florida, ambako jimbo halikati kodi ya mshahara. Kazi ilikuwa huku. Wenyeji wanajisifu kuwa na maziwa 10,000. Nimeyaona kadhaa, yameganda, na sato wa Mwigobero hayumo.

Kwa hiyo, baba mdogo, mwambie fundi asikate mbao. Pesa ya dawa za bibi nimetuma, hiyo haina mjadala. Na yule wa mtumbwi apige kasia kwanza.