Nyaya za Buluu Zimekwenda Wapi?

Hakuna mwongo aliyekubuhu kama ule mstari wa kijani unaoonyesha faili zikihama. Unakwambia zimebaki dakika 12, unakwenda kuoga, ukirudi zimebaki saa 5. Nilikuwa nahamisha video za harusi ya mdogo wangu, gigabaiti 200, kutoka kwenye laptopu kwenda kwenye kompyuta kuukuu ya sebuleni, ambayo tunaiita seva ili wageni watuheshimu.

Waifai tulishaiaga. Ukuta mnene, halafu maikrowevu ya jikoni nayo inatumia masafa yaleyale ya gigahezi 2.4, kila mama akipasha wali, bibi harusi anakwama njiani. Ndipo akaitwa fundi avute waya. Akavuta, akalipwa, akanywa na chai. Kasi ikapanda hadi megabaiti 11 kwa sekunde, ikagoma hapo kama punda.

Ushauri haukukosekana. Shemeji, anayeishi nasi, alisema ninunue laptopu mpya. Kwake kila tatizo dawa yake ni kununua, ilimradi hela si zake. Mwanangu akasema nizime niwashe. Jirani akaja na programu ya kubana faili, na video zenyewe zimeshabanwa tangu kwenye kamera. Kuzibana tena ni kuitesa kompyuta bure.

Mimi iliyonikera ni ile 11. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo zidisha kwa 8: unakaribia megabiti 100, kasi ya mitandao ya kizamani, na ruta yangu ni ya 1,000. Nikachomoa kichwa cha waya, nikakiinua kwenye mwanga. Mle zinatakiwa nyaya 8. Zilikuwamo 4, za chungwa na za kijani. Megabiti 100 zinaridhika na jozi hizo mbili. 1,000 zinadai jozi zote nne.

Nikazifuata za buluu na za kahawia. Nyuma ya kabati zilikuwa zimejitenga na wenzao, zikakata kona, zikaingia chumbani kwa shemeji, kwenye televisheni yake.

"Bosi," fundi akaniambia kwenye simu, "si alisema mmekubaliana? Nikaona niwapunguzie gharama."

Ulivutwa waya wa pili. Harusi nzima ikapita kwa nusu saa hivi, na wali unapashwa. Nawe ukimwita fundi, simama nyuma yake uhesabu rangi mpaka zitimie 8. Shemeji mwambie mpira unaonekana vizuri tu sebuleni.