Sherehe Isiyo na Pilau

Jumapili mchana, nikishakula sima na mchunga, mimi si mtu wa kuulizwa kitu. Natandika mkeka chini ya mwembe, navua shati, na ulimwengu wote unasubiri mpaka alasiri. Hapa Kaloleni hilo wanalijua hata kuku. Asiyelijua ni Kazungu, mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tatu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kama ni pesa, mamako ndiye anayeweka."

"Si pesa, mjomba. Ni maneno magumu."

Ingekuwa pesa, ningejifanya nimelala. Lakini tangu nianze kuandika gazetini, ukoo mzima umeamua mimi ni kamusi. Mtu akipokea barua ya ardhi, naitwa. Kibandiko cha dawa ya mbuzi kikiwa na neno lenye herufi kumi na nne, naitwa. Sasa ni zamu ya Fumo Liyongo. Mwalimu kawaambia wasome kisa chake, watoe maneno kumi magumu na maana zake. Kazungu naye kaazima mwongozo, kile kijitabu chembamba ambacho wanafunzi hukisoma ili wasisome kitabu chenyewe. Nyuma yake kuna kurasa mbili zilizoandikwa "Sherehe".

Nikasoma neno la kwanza. "Tupa: rusha kitu kwa nguvu."

Nikaketi.

Asiyekijua kisa hicho nimsimulie kwa kifupi, maana ni msiba mkubwa kuliko yote tuliyo nayo katika fasihi ya pwani yetu. Liyongo alikuwa shujaa na malenga wa huko Ozi na Shaka, pande za mdomo wa mto Tana. Karne yake wataalamu hawajakubaliana mpaka leo. Wengine humweka ya 12, wengine ya 17, na mimi siwezi kuwaamulia nikiwa kifua wazi. Mfalme alimwonea kijicho, akamtia gerezani. Kila mamake alipompelekea chakula kizuri, walinzi walikila wao. Basi Liyongo akamtungia wimbo kijakazi aitwaye Saada, ampelekee mama ujumbe kwa mafumbo: apike mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Walinzi walipouona mkate wa makapi wakaucheka, wakampa. Usiku ukapigwa gungu nje, ngoma na pembe na matoazi, kelele juu ya kelele, naye ndani anakereza pingu.

Anakereza kwa nini? Kwa tupa. Chuma chenye meno, kile tunachonolea panga. Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi hapa stendi, sema "nipe tupa", uone kama muuzaji atakurushia kitu kwa nguvu.

"Kwa hivyo mjomba, mamake hakurusha mkate?"

"Hakurusha."

Akafuta. Nikaendelea chini. "Mama: mzazi wa kike." Ahsante sana. "Gereza: mahali pa kufungia wahalifu." Tumeshukuru. "Kisima: shimo la maji." Wishwa haimo. Gungu haimo. Kikoa haimo. Hii ndiyo sherehe ambayo umealikwa, umevaa kanzu, umefika, halafu unapewa maji ya kunawa na kuagwa. Jambo ambalo kila mtu analijua linaelezwa kwa mistari miwili. Likija neno lenye mfupa, mhariri kapita upande wa pili wa barabara kama mtu mwenye deni.

Haki yao nitawapa, kazi yenyewe si rahisi. Nyimbo na tendi hizi zilihifadhiwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo, jinsi wazee wetu walivyoziandika, zilimtaka msomaji awe ameshalijua neno kabla ya kulisoma. E na i hugawana alama moja, o na u vilevile. Sauti ya n mbele ya g mara nyingi haikuandikwa. Sasa chukua neno gungu, ngoma ile iliyomfunika Liyongo alipokuwa akikata pingu. Kwa maandishi hayo waweza kulisoma gungu, gugu, gogo au gongo. Mtu aliyelala vibaya atakwambia shujaa alitoroka huku nje watu wakipiga magogo. Au wakipiga gongo, jambo ambalo kwa kweli lingeeleza vizuri zaidi kwa nini walinzi hawakusikia kitu.

Kisha kuna lahaja. Askofu Edward Steere alipochapisha hadithi na mashairi ya Liyongo katika kitabu chake Swahili Tales, London, mwaka 1870, alikuwa ameyapatia Unguja. Mashairi ya kaskazini, sikio la Unguja! Huko Lamu macho ni mato, nchi ni nti, na kucheka ni kuteka. Ongeza kwamba Lamu na Mombasa kuna t mbili, moja ulimi unagusa meno, nyingine unagusa ufizi, na kalamu ya kizungu iliona t moja tu. Fikiria sasa mhariri anafika mwisho wa kisa. Liyongo kachomwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe wa kumzaa, kwa kuahidiwa binti wa mfalme. Naye kajikokota mpaka kisimani, kapiga goti, kavuta upinde, kafa hivyo hivyo. Watu siku kadhaa wanaogopa kukaribia maji wakidhani yu hai. Hapo ukikuta neno kuteka, ujue ni kuteka maji. Aliyetaka kucheka siku ile sidhani kama alikuwako.

Aliyezisikia t hizo mbili alikuwa W. E. Taylor, mmishenari aliyekaa Mombasa na huku kwetu Ugiriamani. Mwaka 1891 alitoa vitabu viwili, kimoja cha msamiati wa Kigiriama na kimoja cha methali za Waswahili. Siri yake haikuwa kubwa: alikaa chini na wenyewe, akina Mwalimu Sikujua wa Mombasa, akauliza. Msomi Alice Werner naye alifika Lamu kabla ya Vita vya Kwanza. Huko alikuwako Muhamadi Kijuma, aliyeutunga utendi wa Liyongo mwaka 1913 na kuwaandikia wasomi wa Ulaya nakala kwa mkono wake. Na mwaka 2004 ndipo jopo zima la wataalamu, akiwemo Abdilatif Abdalla wetu na Gudrun Miehe wa Ujerumani, walipotoa nyimbo za Liyongo kwa kulinganisha miswada. Mabingwa chungu nzima kwenye meza moja, na bado maneno mengine yanawatoa jasho.

Wala tusijione tumerogwa peke yetu. Kuna Mwingereza mmoja, Sir Thomas Hanmer, alichapisha Shakespeare mwaka 1744. Ndani ya Hamlet akakutana na kitu cha kunywewa kiitwacho esile. Mwenzake Theobald alikuwa ameshataja, miaka 11 nyuma, kuwa huenda ni siki. Hanmer akaona hapana, mbele kidogo katajwa mamba, basi hapo pakae mto Nile! Akafuta neno, akatia mto mzima. Mchezo ulikuwa haujafikisha hata miaka 150, na lugha ni ya mamake mwenyewe. Kwa hiyo kijitabu cha Kazungu kina ukoo mkubwa.

Nikamsimulia Kazungu hayo yote. Nilikuwa nimeshavaa shati, maana elimu haitolewi kifua wazi. Tukafika neno la saba, kikoa. Wabaya wa Liyongo walipanga kikoa cha makoma, kila mmoja siku yake apande mkoma aangushe matunda, wakikusudia zamu ya Liyongo ikifika wamfume mishale akiwa juu. Yeye hakupanda, aliyadondoa makoma kwa mishale akiwa chini. Lakini kikoa chenyewe ni nini?

Hapo ningesema sijui, ningelala vizuri. Nikakohoa. "Kazungu, tazama umbo la neno. Koa ni konokono. Ki ni kiambishi cha udogo. Kwa hivyo kikoa ni konokono mdogo. Inaelekea walikula makoma pamoja na konokono, chakula cha siku hizo."

Kazungu akaandika. Akapiga mstari chini kwa wino mwekundu.

Barazani Hawe alikuwa akichambua mchele. Nyanya yetu huyu alilelewa Takaungu, na nilidhani kasinzia. Ungo ukasimama.

"Nani kala konokono?"

"Liyongo, Hawe."

"Muungwana wa Ozi ale konokono! Wewe ndiwe unayelipwa na gazeti?" Akanigeukia mzima mzima. "Kikoa ni kula kwa zamu. Leo napika mimi mnakuja kwangu, kesho kwako, kesho kutwa kwa fulani. Takaungu tulikula kikoa toka sijavunja ungo. Mamako na wenzake wanafanya kila mwezi, sema siku hizi wanaita chama na hawapiki."

"Na wishwa, Hawe?" Kazungu kauliza, keshanipa mgongo.

"Si hii." Akakung'uta ungo, makapi yakawaangukia kuku.

Maneno matatu yaliyobaki Kazungu alimaliza kule barazani. Mimi nikarudi kwenye mkeka, usingizi haukuja.

Ijumaa daftari likarudi limesahihishwa, tisa kwa kumi. Kikoa alama ya ndiyo, wishwa alama ya ndiyo. Tupa mkasi mkubwa mwekundu, na pembeni: "Angalia mwongozo." Nikasema sawa, Jumatatu Kazungu ataibeba tupa yangu ya kunolea panga, aiweke mezani kwa mwalimu, tuone ni nani atakayeirusha. Kazungu akasema haiwezekani. Langoni bawabu anapekua mikoba, na chuma chochote kinahesabiwa silaha.

Hawe ndiye aliyetatua. Keshatenga wishwa kilo nzima na jiko liko tayari. Wa ngano hautafaa, anasema, bawabu ataula.

Basi mwalimu, ikiwa unasoma safu hii, Jumatatu utaletewa mkate. Usiuume kabla hujaukata. Na kilichomo ndani ukimaliza kukitazama, mpe Kazungu anirudishie. Panga langu halina makali na majani yamefika dirishani.