Ukuta wa Chupa, Kamera Sebuleni

Jamani, jamani! Mtu anapandisha ukuta hadi jirani asione hata kamba ya nguo, juu anapanga vipande vya chupa, getini anafunga mbwa. Halafu huyo anakwenda Kariakoo, ananunua kamera ya waifai na kuitundika sebuleni. Muulize paswedi. Ni ileile iliyokuja kwenye boksi! Mnh.

Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizoa kamera na vifaa vingine vya nyumbani kwa mamia ya maelfu, kwa kujaribu tu paswedi za kiwandani. Wenyewe wamelala fofofo, kamera zao ziko kazini zikisaidia wahalifu kuangusha mitandao. Twitter na Netflix zikawa hazifunguki.

Ya Marekani ndiyo usiseme. Mwaka 2023 Ring, kampuni ya kamera za milangoni na za ndani, ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Serikali ilidai wafanyakazi wake walikuwa wakifungua video za wateja. Mmoja alitazama maelfu ya video za wanawake, zikiwemo za kamera zilizofungwa vyumbani na bafuni. Lo, salale! Mwizi umemfungia nje, mpiga chabo unamlipia mwenyewe kila mwezi.

Lakini kwani wanaochungulia ni watu baki tu? Juzi hapa kijiweni bwana mmoja katoa simu atuonyeshe kamera yake mpya ilivyo kali. Picha ikafunguka: mama mkwe wake, mgeni kutoka Tanga, kajinyoosha kwenye kochi, khanga imepanda magotini, anajikuna zake hana habari. Mama mkwe, jamani! Kijiwe kizima tukageukia barabarani kama tunasubiri daladala. Yeye bado anatusifia rangi zinavyoonekana.

Hilo ndilo linaloniuma. Kamera kanunua mmoja, wanaorekodiwa ni nyumba nzima: dada wa kazi, watoto, wageni. Nani kawauliza? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini sheria haiji kukubadilishia paswedi.

Basi ndugu yangu, kabla hujatoa hela mbane muuzaji. Video inahifadhiwa wapi, kwenye kadi humohumo au kwa watu usiowajua? Bando likiisha bado inarekodi? Kampuni ikifunga itabaki kamera au pambo? Akibabaika, rudisha hela mfukoni. Ukinunua, badilisha paswedi siku hiyohiyo, iache mlangoni isiingie vyumbani, na mama mkwe mwambie kabla hajavua viatu.